Kijitabu cha msiba kwa bibi aliyeimba kwaya maisha yake yote: huduma ya uchapaji wa siku moja

Huduma ya vijitabu vya msiba inayopatikana Kariakoo imefika mbali. Unapeleka picha na wasifu asubuhi, jioni unaondoka na boksi la nakala 200 za rangi, zimekunjwa na kupigwa pini. Kwa misiba mingi kazi hiyo inatosha. Kwa bibi aliyesimama sauti ya pili miaka hamsini, haitoshi. Kifurushi cha kawaida kina ukurasa mmoja tu wa nyimbo, na huo ndio unaoharibika kuliko kurasa zote.

Tuanze na karatasi, maana hapo hakuna mengi. Kijitabu ni A4 iliyokunjwa kuwa A5, kwa hiyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4. Ukipeleka maneno ya kurasa 13, dizaina atajaza tatu zilizobaki kwa maua na mishumaa, wakati hapo zingeingia nyimbo. Ndani wengi hutumia gramu 80, na picha ya upande mmoja huonekana nyuma ya maneno ya upande wa pili. Omba gramu 100 kwenda juu, na jalada gramu 200 hadi 250. Jalada zito la kung'aa liwekwe mstari wa mkunjo kwa mashine kabla ya kukunjwa, la sivyo wino hupasuka na mgongo wote unabaki na mchirizi mweupe.

Picha za wazee wetu mara nyingi ni ndogo: pasipoti, au ya kitambulisho. Picha ya sentimita 3.5 kwa 4.5 ikiskaniwa kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) haiwezi kujaza jalada la A5; uso unatoka kama umefunikwa ukungu. Iskaniwe kwa dpi 1200. Kama hakuna skana, piga kwa simu karibu na dirisha, bila flashi, picha ikiwa imetolewa kwenye fremu ya kioo. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama faili, si kama picha, kwa sababu njia ya kawaida huibana na kuipunguzia ubora.

Upande wa wasifu, madizaina wengi wana fomu yao: kuzaliwa, elimu, ndoa, kazi, ugonjwa, mwisho. Fomu hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya mtu wa ajira. Bibi ambaye hakuajiriwa popote anatoka na mistari miwili. Ongeza mwenyewe vipengele vya ubatizo, kipaimara, mtaa aliosali, mwaka alioingia kwaya na sauti aliyoimba. Tarehe za sakramenti zipo kwenye vitabu vya usharika, na zinaaminika kuliko kumbukumbu za wajukuu. Kama mwaka wa kuzaliwa haujulikani, andikeni "mwaka 1934 hivi". Hiyo tarehe 1 Januari inayobandikwa ili kujaza nafasi itakwenda hadi kwenye msalaba wa kaburi. Majina ya watoto waliotangulia yaingie kwa mpangilio wao wa kuzaliwa, na orodha ya vitukuu isomwe na watu wawili wa matawi tofauti ya ukoo kabla ya kuchapwa. Jina la mtoto likirukwa, hakuna boksi jipya la nakala litakaloponya.

Sasa nyimbo. Makosa ni mawili, na yote yanaepukika.

La kwanza ni kuandika namba bila maneno. Waombolezaji hutoka makanisa tofauti: huyu ana Tenzi za Rohoni, yule ana Mwimbieni Bwana, na namba za vitabu hivyo hazilingani. Wakitajiwa namba tupu, nusu ya watu watafungua wimbo mwingine, nusu watanyamaza. Maneno yachapwe yote, beti zote, herufi za ukubwa wa pointi 11 au 12, kwa sababu wanaozijua nyimbo hizo vizuri ndio hao hao wenye miwani.

La pili ni nota. Bibi wa kwaya huacha daftari la solfa, yaani nota za herufi d, r, m, na familia hutamani wimbo wake mmoja uingie kijitabuni. Dizaina asiyesoma solfa atauharibu bila kujua. Ile koma ndogo chini ya d au s inaonyesha sauti ya oktavu ya chini. Yeye huiona ni kosa la uandishi na kuifuta. Alama ya juu, ya d', hupotea vivyo hivyo. Kompyuta nayo hugeuza d ya mwanzo wa mstari kuwa herufi kubwa. Halafu nukta pacha zinazotenga mapigo hazikai tena chini ya zenzake, na sauti nne zinaachana. Zima masahihisho ya kompyuta, tumia aina ya herufi zenye upana sawa kama Courier, na mwalimu wa kwaya akague sampo kwa kuiimba, siyo kwa kuitazama. Njia bora kuliko zote ni kuskani ukurasa wa daftari wenyewe, kwa mwandiko wake. Nakala za nota ziwe za wanakwaya tu, karatasi ya peke yake. Ratiba ya ibada nayo iwe karatasi ya kuchomeka, maana hubadilika hadi dakika ya mwisho.

Wachapaji wengine sasa huweka msimbo wa QR wa kusikiliza sauti ya marehemu. Wazo hili ni zuri sana. Uwe na upana usiopungua sentimita 2, mweusi juu ya nyeupe, na kiungo kiwe kwenye akaunti ya familia, siyo ya duka. Sauti yenyewe huwa kwenye kaseti. Kaseti ya dakika 60 huhamishwa kwa dakika 60. Anayekuahidi kaseti tano kwa saa moja anazikimbiza, muulize vizuri. Kwanza kisafishwe kichwa cha redio kwa spiriti, na utazame kama kile kisponji kidogo ndani ya kaseti bado kimeshika, maana kikitoka sauti inafifia. Omba faili la WAV, kama megabaiti 600 kwa saa, pamoja na la MP3. Na kabla hujamkabidhi mtu kaseti, vunja vijimeno viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwake. Vikiwepo, kidole kikigusa kitufe cha kurekodi, sauti ya bibi inafutika.