Kramponi za chuma za meno 12: nilivyozitumia mlimani na wenzangu watatu

Kramponi hizi, yaani vyuma vya meno vinavyofungwa chini ya buti ili usiteleze, nimezinunua kwa hela yangu na nimezivaa siku sita kwenye barafuto (mto wa barafu wa mlimani), nne za mazoezi na mbili za kupanda mlima wenyewe. Tulikuwa wanne kwenye kamba moja, mita 10 hivi kati ya mtu na mtu. Kwenye kamba, mguu wako ukiteleza si wako peke yako, ndiyo maana naandika kwa urefu.

Chuma chenyewe ni kizuri. Niliwahi kuazima za alumini. Ni nyepesi kweli, lakini ukikanyagia mawe mara mbili tatu meno yanakuwa butu. Njia yetu ilikatiza ukingo wa mawe, mwendo wa nusu saa, na hatukuzivua. Jioni niliyapapasa meno moja moja kwa kidole: mawili ya mbele yamechubuka kidogo, yale 10 mengine yako vilevile. Ukitaka kuyanoa, tumia tupa, kwa mkono, taratibu. Mashine ya kunolea hukipasha chuma moto na ugumu wake unapotea. Uzito ni karibu kilo moja kwa jozi, na miguu inauhisi siku ya kwanza tu.

Sasa ufungaji, na hapa naomba usome polepole. Mbele kuna mkanda na kikapu cha plastiki, nyuma kuna wenzo unaobana kwenye mfereji wa kisigino. Wenzo huo unataka buti yenye mfereji na soli ngumu isiyokunjika. Mwenzetu mmoja aliyenunua jozi kama yangu alikuwa na buti laini za matembezi, hazina mfereji. Tulizijaribu sebuleni wiki tatu kabla ya safari: wenzo ulikaa, akapiga hatua mbili, ukafyatuka. Akazirudisha, akachukua za mikanda mitupu, na zilimfikisha kileleni vizuri kabisa. Nikifikiria wenzo ule ungemfyatukia gizani kwenye mteremko, mwili unanisisimka. Kipimo tulichofundishwa ni hiki: chomeka buti ndani ya kramponi, usifunge chochote, kisha inua buti juu. Kramponi iking'ang'ania, saizi imekaa. Ikidondoka, sogeza kile kipande cha katikati, kinachounganisha mbele na nyuma, tundu moja, jaribu tena.

Malalamiko yangu ni juu ya vibao vya plastiki vilivyo chini, vinavyozuia theluji kugandamana kati ya meno. Cha kushoto kilianza kulegea siku ya pili ya mazoezi. Nilikibonyeza kikarudi, nikadhani yameisha. Siku ya kilele tulitoka kambini saa saba usiku ili tushuke kabla jua halijalainisha theluji. Kupanda hakukuwa na shida. Tukishuka, theluji ikiwa imeanza kulowa, kibao kikachomoka. Hatua kumi baadaye nilikuwa nimesimama juu ya donge la theluji kubwa kama ngumi mbili, meno hayagusi kitu. Mguu ukaenda. Nikakita shoka la barafu, na aliyekuwa nyuma yangu alikuwa ameshaikaza kamba.

"Tulia hapo hapo, ndugu yangu. Hatuna haraka."

Lakini haraka tulikuwa nayo, naye alijua. Kuanzia hapo kila hatua mbili nilikuwa nagonga ubavu wa buti kwa mpini wa shoka ili donge lidondoke, na tukafika kwenye daraja la theluji, yaani theluji iliyotanda juu ya ufa wa barafuto, tukiwa tumechelewa saa nzima. Alfajiri tulilivuka likiwa gumu kama jiwe. Sasa shoka lilizama mpaka nusu ya mpini. Tulivuka mmoja mmoja, kamba imekazwa, hakuna aliyeongea. Nawashukuru wale watatu mpaka leo.

Muuzaji alinipa vibao vipya bila ubishi. Hivi vinabana zaidi, na kila asubuhi navivuta kwa kidole gumba kabla ya kufunga mkanda. Natoa nyota nne. Ya tano inasubiri msimu ujao, nione kama vibao hivi vitahimili theluji ya mchana. Mwenye buti laini asizinunue hizi hata akipewa kwa nusu bei.