Celestion ya mtumba, KEF mpya na Wharfedale: spika za Uingereza ndani ya sebule ya Kisumu

Swali ninaloulizwa sana kibandani siku hizi ni hili: "Fundi, ninunue spika za zamani za Uingereza, zile za Ex-UK, ama nijikaze nitafute mpya?" Ex-UK ni mtumba uliotoka Uingereza. Wanaouliza ni watu wazima waliokulia nyumba zenye redio kubwa ya mbao. Wamechoka na wufa za kutetemesha madirisha, ambazo mtangazaji akisoma habari utadhani yumo ndani ya pipa. Wanataka kumsikia mtu akiongea.

Mwezi uliopita nilipata bahati ya kulijibu swali hilo kwa masikio, jozi tatu zilipokutana sebuleni kwangu Migosi. Ya kwanza ni yangu, Celestion Ditton 15. Ya pili ni KEF LS50 Meta ya shemeji yangu, aliyekuwa muuguzi Uingereza akarudi nazo. Ya tatu ni Wharfedale Linton ya daktari wa meno wa kule Riat, mteja wangu wa siku nyingi, mwenye santuri nyingi kuliko mtu mwingine ninayemjua. Ampulifaya ilikuwa NAD 3020, toleo la mwaka 1978, wati 20 tu kila upande, na hiyo nayo ni Ex-UK.

Nianze na Ditton kwa sababu ndiyo wengi wataweza kununua. Jina limetoka Thames Ditton, karibu na London, ambako Celestion ilikuwa na kiwanda kabla ya kuhamia Ipswich. Ukiondoa kitambaa cha mbele utaona twita ndogo, ya sauti za juu, na kitu kinachoonekana kama wufa mbili, za sauti za chini. Usidanganyike: wufa ni moja. Ile nyingine haina sumaku wala koili, ni koni tupu inayosukumwa na hewa iliyofungiwa ndani ya kasha. Wufa halisi inapopiga, hewa inabanwa, na koni tupu inajibu kwa noti za chini ambazo kasha la ukubwa ule lisingezitoa. Ni ufundi rahisi na safi. Mpaka leo kuna kampuni zinazoutumia.

Twita yake inaitwa HF1300, na kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya kuinunua Ditton. BBC waliitumia kwenye spika zao za studio, na Spendor, kampuni iliyoanzishwa na Spencer Hughes baada ya kutoka BBC, wakaiweka ndani ya spika yao BC1 ambayo watu wanaitafuta hadi leo kwa bei za juu. Kwa hiyo kwa shilingi elfu kumi na nne nilizotoa, nilibeba nyumbani twita ileile iliyokuwa ikiwaambia mafundi wa BBC kama mtangazaji anasikika vizuri.

Lakini ukinunua spika yenye umri wa miaka hamsini lazima uikague palepale sokoni, na muuzaji akikataa usikague, ondoka. Ninachofanya ni hiki. Kwanza naibonyeza ile koni tupu taratibu kwa vidole vitatu, nikiangalia wufa ya jirani yake. Kasha likiwa zima, halivuji, wufa inatoka mbele kidogo na kubaki hapo ninapoendelea kubonyeza. Ikirudi upesi kabla sijaachilia, ama isipoonyesha dalili yoyote, hewa inatoroka mahali fulani, na besi imekwenda nayo. Kisha natoa betri ya tochi, ya volti 1.5, nagusisha kwenye vituo vya waya nyuma: chanya kwenye nyekundu, hasi kwenye nyeusi. Wufa inaruka mbele, na kwenye twita unasikia "tik" ndogo. Hiyo tik ina maana koili ya twita haijakatika. Wufa ikiruka kuelekea ndani, kuna mtu alishafungua akageuza waya, na spika mbili zikipigana hivyo besi inapotea hata kama kila moja ni nzima. Mwisho naangalia ukingo wa koni. Ukiwa wa sponji, uchungulie kwa makini, maana sponji ya miaka ile huliwa na joto na unyevu mpaka ukiigusa inabaki unga kidoleni, na hapa karibu na ziwa unyevu haupungui. Ukingo wa Ditton si wa sponji, ndiyo maana zinafika hapa zikiwa hai.

Nilizifungua zangu nikabadilisha kapasita za krosova, ile sakiti inayogawa sauti kati ya wufa na twita, kwa sababu zile za elektroliti hukauka kwa miaka na twita ikaanza kunong'ona. Kazi ya jioni moja na pesa kidogo. Baada ya hapo spika hizi zilinishangaza. Benga ya miaka ya 1970 ina gitaa la besi lisilokaa chini likisubiri. Linakimbia, linaimba, linajibizana na gitaa la solo. Ditton inalifuata hatua kwa hatua bila kulifanya nene. Sauti ya mwanamume inakuja na kifua chake. Upungufu uko juu kabisa: matoazi yanafupishwa, na waimbaji watatu wakisimama pamoja hujui nani yuko kushoto kwa nani. Pia jozi ya zamani haizeeki sawasawa. Yangu ya kulia ina nguvu kidogo kuliko ya kushoto, na mwimbaji anaegemea upande huo.

LS50 Meta ni dunia nyingine, ingawa ukoo ni ule ule. KEF ilianzishwa Maidstone, Kent, mwaka 1961 na Raymond Cooke, ambaye kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi BBC na pia Wharfedale. Miaka ya 1970 BBC walihitaji spika ndogo ya kuingia ndani ya magari ya matangazo, mahali pasipo na nafasi, lakini iseme ukweli kuhusu sauti ya mtu. Wakabuni LS3/5A, kisanduku cha kama sentimita 30 kwenda juu, na wufa na twita zake zilitoka KEF. Rogers, Spendor, Harbeth na wengine walipewa leseni ya kuitengeneza. Mwaka 2012, KEF walipoadhimisha miaka hamsini, walitoa LS50 kwa heshima ya kisanduku kile, na Meta ikafuata mwaka 2020.

Tofauti kubwa unaiona kabla hujawasha: twita imekaa katikati ya koni ya wufa. Sauti za juu na za chini zinatoka sehemu moja, kama koo moja. Nyuma ya twita kuna kidude cha duara chenye vijia vingi vinavyozunguka ndani kwa ndani. Kazi yake ni kumeza sauti inayotoka mgongoni mwa twita isirudi mbele kuchafua, na KEF wanasema kinameza asilimia 99.

Tuliweka rekodi ya nyatiti. Mpigaji wa nyatiti huvaa pete ya chuma kidole gumba cha mguu, akigongesha ubao wa ala huku vidole vikicheza nyuzi nane, na njuga mguuni zinaitikia. Kwenye Ditton yote hayo ni mdundo mmoja mtamu. Kwenye LS50 nilisikia chuma kikigusa mbao, kisha mbao yenyewe ikiitika, kisha njuga, kila kimoja na mahali pake, na mzee anayeimba amekaa katikati kabisa, nyuma kidogo ya mstari wa spika. Shemeji aliinuka akaenda kuangalia kama kuna spika nyingine katikati. Mama watoto, ambaye huwa hana habari na mambo haya, aliacha kupanga vyombo akasema, "Huyo mzee anapumua." Kweli, kabla ya kila ubeti pumzi yake inasikika. Nimeisikiliza rekodi hiyo tangu nikiwa kijana na sikuwahi kuisikia ile pumzi.

Basi mbona nisiseme nunua LS50 tumalize? Kwa sababu ya nguvu na kwa sababu ya chumba. Usikivu ni kiasi cha sauti ambacho spika inatoa kwa nguvu ileile ya ampulifaya: LS50 ina desibeli 85, Linton ina 90. Tofauti hiyo ya desibeli 5 ina maana LS50 inataka wati tatu hivi mahali Linton inataka moja. KEF wenyewe wanashauri ampulifaya ya kuanzia wati 40. Kwenye NAD yangu ilienda vizuri tulipokaa mita mbili mbele yake. Jioni watu walipojaa mpaka mlangoni na mimi nikaongeza, sauti ilibanana, kwaya ikawa ukuta mmoja mgumu. Nilipochomeka ampulifaya ya wati 80 kutoka kibandani zikafunguka. Kwa hiyo anayenunua LS50 ahesabu na bei ya ampulifaya.

Na chumba. Nyumba zetu nyingi Kisumu ni sakafu ya saruji au vigae, na madirisha yako wazi mchana kutwa kwa joto. Besi inatoka nje kupitia madirisha, halafu sauti za juu zinabaki zikirukaruka kwenye kuta. Spika ndogo yenye besi chache inakonda zaidi hapo. Tulipotandika zulia zito na kufunga pazia, LS50 ikawa imenona kiasi cha kuridhisha, lakini nani atafunga madirisha Kisumu mwezi wa Februari?

Linton ndiyo iliyokaa vizuri bila kuombwa. Wharfedale ilianza mwaka 1932 huko Ilkley, Yorkshire, kwa mikono ya Gilbert Briggs, mtu aliyejiamini hadi mwaka 1954 akapanga onyesho Royal Festival Hall, London, wanamuziki hai na rekodi wakipishana jukwaani ili watu walinganishe wenyewe. Jina Linton ni la mwaka 1965. Hii ya daktari ni toleo la 2019. Ni kasha la mbao la umbo la zamani, kilo 18.4 moja, tulizibeba watu wawili kutoka kwenye pikapu. Ndani ni ya kisasa: wufa ya inchi 8, spika ya kati ya Kevlar iliyofumwa, twita ya kitambaa. Stendi zake zina nafasi ya kuweka santuri, na daktari ameshazijaza. Inatengenezwa China, kama LS50, na kuna watu hilo linawaudhi. Mimi nimegonga kasha lake kwa vifundo vya vidole pande zote, nikatazama viungo, nikasikiliza. Imetengenezwa vizuri, na hilo linanitosha.

Sauti yake ina unene wa Ditton chini na sehemu kubwa ya uwazi wa LS50 juu. Pete ya nyatiti ipo, ingawa haina ule ukali wa chuma. Pumzi ya mzee ipo, ukiitafuta. Alichonacho Linton ambacho wengine wawili hawana ni mwili: rumba ya Kikongo, ngoma na gitaa la besi, vilijaza sebule yenye madirisha wazi kwa zile wati 20 za NAD, na bado tuliweza kuongea. Ina matundu mawili ya hewa mgongoni, kwa hiyo usiibandike ukutani. Nilipoisukuma nyuma ili meza ipate nafasi, besi ilivimba ikamfunika mwimbaji. Nilipoivuta mbele hatua moja akarudi.

LS50 Meta ilitoka Uingereza kwa karibu paundi elfu moja, na Linton na stendi zake haikuwa mbali na hapo, kabla ya usafiri na ushuru. Mwenye pesa hizo na sebule ya kawaida ya hapa, yenye watu wanaoingia na kutoka, namwambia achukue Linton. Mwenye chumba kidogo cha kusoma, kiti kimoja na ampulifaya yenye nguvu, achukue LS50 na hatajuta, kwa kweli mimi mwenyewe ningeitamani kwa ajili ya nyatiti peke yake. Na asiye na pesa hizo asijione amekosa. Ditton 15 nzima, kapasita mpya, na NAD ya mtumba, vitamsomea habari na kumpigia benga kwa namna ambayo wufa mpya za bei hiyo haziwezi.

Shemeji aliniuliza kuhusu LS50 Wireless II, ile yenye ampulifaya ndani yake, isiyohitaji kitu kingine. Kwa sauti sina neno. Lakini stima ikikatika hapa na kurudi kwa kishindo, spika ya kawaida mara nyingi haiumii, inayoungua ni ampulifaya iliyo pembeni, na hiyo naweza kuitengeneza kwenye meza yangu. Ikiwa ampulifaya imo ndani ya spika, unakosa vyote viwili mpaka vipuri vije kutoka nje. Akiitaka lazima, kifaa cha kulinda stima kiwe kimeshafungwa ukutani kabla spika haijatolewa kwenye boksi.