Niliitwa kuijaribu huduma ya manispaa mtandaoni: uzoefu wangu

Nyota nne kati ya tano. Manispaa ninakoishi, hapa Sweden, iliwaalika wahamiaji maktabani tuujaribu ukurasa mpya wa kuwaombea watoto nafasi ya chekechea, kabla haujafunguliwa kwa watu wote. Nilidhani tunaitwa kunywa kahawa na kupigwa picha. Haikuwa hivyo.

Nilikaa na simu yangu mwenyewe, pembeni mkalimani na dada aliyeubuni ukurasa. Hakuniuliza kama ni mzuri, na hapo alifanya la maana, kwani sisi ukituuliza hivyo tutasema mzuri tu, kwa adabu. Alisema: jaza, na kila kinachokupitia kichwani kiseme kwa sauti.

Nikakwama kwenye jina. Visanduku viwili, jina la kwanza na la ukoo. Sisi Wakongomani karatasi zetu zina matatu: nom (jina kuu), postnom (la asili linalolifuata) na prénom (mara nyingi la Kikristo). (Rais wetu wa zamani, Mobutu, ndiye aliyepiga marufuku majina ya Kikristo mwaka 1972, postnom zikachukua nafasi.) Isitoshe, mwanangu hana jina la baba yake wala langu, alipewa la bibi. Nilipomwandika, likatokea onyo jekundu kuuliza kama kweli mimi ni mzazi wake. Nikalisoma kwa sauti, kama nilivyoagizwa. Dada akaacha kuandika, akaomba nimweleze tunavyopeana majina kwetu. Tukakaa hapo muda mrefu kuliko kwenye kurasa nyingine zote.

Kilichonikera ni mlango wa kuingilia. Unaingia kwa BankID, yaani kitambulisho cha mtandaoni ambacho hutolewa na benki, na sharti uwe na personnummer, namba ya utambulisho ya Sweden. Hiyo nayo Skatteverket, mamlaka ya kodi, humpa anayetarajiwa kuishi nchini mwaka mmoja au zaidi. Mwenzetu mmoja bado anasubiri jibu la hifadhi, hana hata kimoja. Akaishia ukurasa wa kwanza, akabaki kututazama sisi. Wenyeji wakasema hilo liko nje ya uwezo wao. Sasa walimwitia nini? Watu kama yeye waitwe wakati wa kuamua nani aingie na kwa njia gani, siyo rangi za vitufe zikishachaguliwa.

Nyota niliyoinyima ni ya kimya: mpaka leo hatujaambiwa walibadilisha nini.

Ukialikwa, nenda. Wanatoa vocha ya duka, nauli unajilipia, na mtoto unaruhusiwa kwenda naye. Ila mkalimani wa Kiswahili mwombe mapema. Wao walikuwa wamepanga wa Kiarabu na Kisomali tu.