Mwaka mzima nanunua maji ya boza Fuoni: uzoefu wangu

Naandika haya kwa sababu majirani watatu wameniuliza swali moja ndani ya mwezi mmoja: hao watu wa boza unaonunua kwao maji, wanaaminika? Nimekuwa mteja wa kampuni moja ya binafsi hapa Unguja, inayouza maji kwa boza, yaani gari la tangi, tangu katikati ya 2024. Kuna miezi nimewasifu kwa kila aliyenisikiliza, na kuna siku kumi za Ramadhani ya 2025 ambazo mpaka leo zinaniuma. Jina lao silitaji. Nataka mtu ajue anaingia kwenye nini kabla hajatoa pesa yake.

Nyumbani tuko watu saba, na mimi napika mikate ya kumimina na vitafunio vya kuuza. Kwa hiyo maji kwangu si ya kuoga na kufua tu, ni biashara. Mfereji wetu unatoa maji kwa mgao, na zamu yetu ikifika yanakuja usiku wa manane, saa nane, saa tisa. Unaamka, unaburura madumu uani, unajaza matano au sita, mara unasikia bomba linakoroma na kunyamaza. Umeme ukikatika usiku huo ndiyo basi tena, maana kisiwa chetu hakina mto mkubwa wa kutegemea. Tunakunywa maji ya chini ya ardhi, ya visima na chemchemi, na mengi yanapandishwa kwa pampu. Waliokuwepo Disemba 2009 mpaka Machi 2010 hawahitaji kuelezwa. Laini ya umeme kutoka Bara iliharibika, tukakaa gizani miezi mitatu, na kiu ikatutesa kuliko kiza. Mimi nilikuwa natoka alfajiri na ndoo mbili kwenda kisimani kwa watu, na kuna siku nilirudi nazo tupu. Tangu hapo sipati usingizi nikijua nyumba haina akiba.

Kabla ya boza nilikuwa nanunua kwa wenye mikokoteni, dumu la lita 20 shilingi 500. Ukipika kama ninavyopika mimi, pesa yote ya faida inaishia kwa mwenye mkokoteni. Nikacheza mchezo wa kuchangiana pesa na wenzangu, zamu yangu ilipofika nikanunua tangi la plastiki la lita 5,000 na fundi akanijengea msingi wa saruji uani. Boza la ujazo huohuo nilikuwa naletewa kwa shilingi 40,000. Piga hesabu: lita shilingi 8, dumu shilingi 160. Tofauti hiyo kwa mwezi ni ada ya skuli ya mtoto.

Miezi ya mwanzo sina la kulalamika. Napiga simu asubuhi, gari linafika kabla ya adhuhuri. Dereva kijana mwenye adabu, anashuka anasema, "Shikamoo Bi Mkubwa," anavuta mpira kupitia kibarazani bila kuvunja vyungu vyangu vya maua, anaufunga kamba mdomoni mwa tangi usije ukaruka, halafu anawasha pampu. Dakika kama ishirini hivi. Maji matamu, hayana rangi wala harufu. Mume wangu, ambaye mwanzo alisema tunatupa pesa, alikuwa wa kwanza kuwapa namba shemeji zake wa Tomondo.

Shida ya kwanza niliiona kwa macho. Tangi likiwa tupu kabisa, boza moja lilikuwa likilijaza mpaka shingoni. Mwezi wa tano au wa sita wa kununua, gari likaondoka, nikapanda ngazi kuangalia, maji yako chini ya shingo kwa shubiri moja na vidole vinne. Nikadhani nimeliacha na ufa. Nikalichunguza, halivuji. Safari iliyofuata hivyohivyo. Nikachukua mwanzi mrefu, nikauchora alama kumi za kisu kutoka chini hadi juu, kila alama lita 500, nikautumbukiza. Zilikuwa zimepungua lita kama 700. Hayo ni madumu 35 ambayo nimeyalipia na sikuyapata.

Nilimwonesha dereva mwanzi wenyewe, umelowa mpaka pale ulipolowa. Hakubisha. Akasema, "Wallahi Bi Mkubwa, mimi natia kwa mita ya kisimani, wakisema imetosha naondoka." Naamini alisema kweli. Ofisini nao hawakubisha sana, safari mbili zilizofuata zikaja kamili, na tangu hapo gari likifika mwanzi wangu uko mkononi. Ukinunua maji ya boza bila kipimo chako mwenyewe, unanunua kwa imani tupu. Angalia tangi kabla halijaanza kutiwa na baada ya pampu kuzimwa, na usimwonee mtu haya.

Ya pili ni munyu. Februari, kaskazi limekaza, waliniletea maji ambayo kwa macho hayana kasoro. Usiku nikaloweka mchele kilo nne. Asubuhi nikausaga na tui, nikatia iliki, nikaonja kwa ncha ya kidole kabla ya sukari, ulimi ukashtuka. Nikaenda kwenye tangi nikanywa kata moja: munyu. Si kama wa bahari, lakini wa kutosha kuharibu chai na kuharibu mkate. Mchele wote nikawapa kuku. Nilipouliza niliambiwa kisima chao cha siku zote kimepungua, wamechota kingine kilicho karibu na pwani. Hili kila mtu wa Unguja anapaswa kulielewa. Maji matamu chini ya kisiwa yamekaa juu ya maji ya chumvi. Ukivuta kwa pampu kuliko mvua inavyorudisha, chumvi inapanda, na karibu na ufukwe inapanda upesi zaidi. Kwa hiyo kiangazi ladha inaweza kubadilika ghafla bila muuzaji kukuambia. Mimi sasa hawafungui pampu mpaka nimekinga kikombe kwenye mpira na kuonja.

Hayo mawili niliyasamehe. La Ramadhani limenikaa rohoni.

Mwaka ule tulianza kufunga mwanzoni mwa Machi, joto la kaskazi bado halijatoka na masika hayajaingia. Ndiyo miezi maji yanakuwa haba kila mwaka, na ndiyo miezi napata wateja wengi, maana nani anafuturu bila mkate wa kumimina? Tarehe nane ya mfungo tangi likabaki na alama moja. Nikapiga simu. "Kesho inshallah." Kesho yake, "Gari limeharibika." Siku ya tatu, hivyohivyo. Bei nayo imepanda mpaka 60,000, nikasema sawa, nitalipa, leteni tu. Siku ya nne nimemtuma mwanangu dukani barabara kuu, anarudi mbio: "Mama, gari la maji limepita, lile la buluu, linaelekea Tunguu." Limejaa, linadondosha matone njia nzima.

Barabara hiyo ndiyo ya kwendea Paje na Jambiani. Kule ardhi ni mawe, visima vingi vina munyu, na mahoteli yanaletewa maji kwa gari. Nikampigia dereva mwenyewe. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia hoteli moja imelipa safari za wiki nzima mapema, na amri ni kuwa hao ndio wa kwanza. Siku kumi zote zile tuliishi kwa madumu ya mkokoteni, na bei yake ilikuwa imeshapanda. Watoto wamefunga, jua la saa tisa, wanasukuma ndoo kutoka kwa jirani mwenye kisima. Nilifunga biashara katikati ya kumi la kati. Wateja wawili hawajarudi mpaka leo.

Nilikwenda kwa mwenye kampuni ana kwa ana. Mtu mzima, alinikaribisha vizuri. Nikamwambia, "Mzee wangu, mimi nimekulipa miezi minane bila kukosa hata mara moja, kwa nini umenidanganya gari limeharibika?" Akaomba radhi kwa uongo. Kwa lile la hoteli hakuomba radhi. Akasema anayelipa mbele ndiye anayepelekewa mbele, ana mafuta ya kununua na vijana wa kuwalipa. Kwa upande wake ni hesabu sahihi. Kwa upande wangu, hapo nilijifunza kwamba maji yakiwa mengi sisi wateja wote ni sawa, na yakiwa haba ndipo unapojua wewe ni mteja wa ngapi.

Jirani yangu mmoja anasema dawa ni maji yote wapewe watu binafsi, mifereji na kila kitu. Mimi namwambia haya tuyatazame yaliyokwisha kufanyika. Dar es Salaam mwaka 2003 kampuni ya City Water ilikabidhiwa kuendesha maji ya jiji kwa mkataba wa miaka kumi, na Mei 2005 serikali ikauvunja. Mdogo wangu anaishi London. England na Wales waliyauza maji yao kwa kampuni mwaka 1989, na kila eneo lina kampuni yake, mwenye nyumba hachagui. Kiangazi cha 2022 kampuni kadhaa za kule zilipiga marufuku kumwagilia bustani na kuosha gari kwa mpira. Mdogo wangu alikuwa na hasira, anasema mabomba yao yanavuja barabarani halafu mtu anakatazwa kumwagilia mchicha wake. Lakini akaniambia jambo moja nililolishika: wana chombo cha umma, Ofwat, kinachoziwekea kampuni ukomo wa bei, na ukikatiwa maji kupita muda uliowekwa kuna fidia iliyoandikwa. Kwetu mwenye nyumba anayenunua boza hana karatasi yoyote mkononi. Bei ikipanda katikati ya mfungo, imepanda.

Na wala sisemi watu wa boza ni wabaya. Bila wao mimi ningekuwa bado naamka saa nane usiku na madumu. Ila mtu asiwaite badala ya mfereji. Kisiwa ambacho Sultani Sayyid Barghash aliweza kuleta maji kwa mabomba kutoka Chemchem hadi mjini zaidi ya miaka 130 iliyopita, watu wakachota bila malipo, hakistahili kuniambia mimi kuwa gari la buluu ndiyo suluhisho.

Baada ya Ramadhani tulikaa wanawake sita wa mtaa huu, wote wateja wa kampuni hiyohiyo. Tukakubaliana tunalipa pamoja, wiki mbili mbele, na kila mmoja ana siku yake, yangu Jumamosi. Tukamtaka mzee atuandikie: siku, lita, bei, na kwamba gari likikosa anarudisha pesa siku ileile. Alisita, akaandika, akatia saini. Mpaka sasa wamekosa mara mbili, na mara zote mbili pesa imerudi. Kiangazi kijacho ndicho kitakachotuonesha kama karatasi ile ina nguvu mbele ya pesa ya hoteli, na nitarudi kuandika.

Kwa hiyo ukiniuliza leo: nunua, lakini nunueni kwa kikundi, mwandikiane, na usikae na tangi moja tu ukaacha kukinga maji ya mgao. Mimi bado naamka zamu yetu ikifika.

Jumamosi iliyopita gari lilifika saa nne asubuhi. Dereva alinikingia kikombe bila kuambiwa. Maji matamu. Pampu ilipozimwa nikatumbukiza mwanzi, ukalowa mpaka alama ya kumi.