Pingili ya kufungua cheni ya baskeli, mie sirudi nyuma

Wenye baskeli wa huku pwani mnajua, ukenda ufukweni Paje mpaka Jambiani, huku Unguja, maji yakiwa yametoka cheni inarudi inalia krrr krrr kwa mchanga na chumvi. Zamani naisugua hapo hapo ilipo kwa mswaki, najichafua mpaka viwiko na mchanga ndani umo vile vile. Sasa nimetia hii pingili ya kampuni ya KMC, vipande viwili vinaingiliana, navibana na koleo cheni inatoka nzima, naitia kwenye chupa tupu na mafuta ya taa kidogo natikisa, we yakhe, yanatoka meusi kama kahawa! Narudia mpaka yatoke safi, naianika ikauke kisha oili. Kuirudisha ndo rahisi zaidi, pingili inakaa upande wa juu, nashika breki ya nyuma nakanyaga pedeli, tak, imeingia.

Ila lazima ilingane na gia zako. Mara ya kwanza sokoni Darajani nikapewa ya gia 9 na cheni yangu ya gia 8, haikufunga ng'o, baskeli nikairudisha nyumbani naikokota. Na baadhi ya zile za gia 11 na 12 ni za kufunga mara moja tu, soma pakiti.