Kabla hujauliza bei ya chumba, uliza maji (Kigamboni, Mbudya na Kunduchi)

Naishi Tabata mwaka wa 11 huu na bahari nilikuwa naijua ile ya Kivukoni tu, ya kuipita ukiwa na haraka zako. Sasa mwezi wa kumi mama mkwe akaja kutoka Singida, watoto nao wako likizo fupi, mke wangu akasema safari hii hatuendi kukaa sebuleni kuangalia tivii, tumpeleke bibi yao pwani alale hata usiku mmoja. Nikaingia Instagram nikatafuta lodji za Kigamboni, nikapata moja iko mbele ya Mjimwema, picha yake maji ya bluu yanagusa kabisa ngazi za baraza, mtoto kakaa ngazi ya mwisho miguu iko ndani ya maji. Elfu themanini kwa usiku, chai ya asubuhi ndani. Nikapiga simu, nikauliza bei, nikauliza parking, nikauliza kama watoto wanalipa, nikatuma advansi.

Jina la lodji silitaji, wahudumu pale walikuwa watu wazuri sana na niliyokutana nayo yanaweza kukukuta sehemu nyingi za ukanda ule, kwa hiyo soma tu uelewe.

Jumamosi tukatoka mapema, tukapita daraja la Nyerere (lile la Kurasini lililofunguliwa 2016, ukiwa na watoto na mizigo ni raha kuliko kupanga foleni ya kivuko), saa nne na nusu tupo getini. Watoto wameshavaa nguo za kuogelea tangu nyumbani. Wakakimbia mpaka barazani wakasimama. Bahari haipo. Yani ipo, ila iko kuleee, mstari mwembamba mweupe, na kati yetu na huo mstari ni mchanga umelowa, mwani, mawe meusi na vidimbwi. Ngazi zile za kwenye picha zipo na zimekauka. Mdogo akaanza kulia palepale. Mama mkwe akaniangalia akasema taratibu, "Baba, ndiyo bahari yenyewe hii?"

Nilikasirika kweli, nikaenda mapokezi nikamwambia yule dada hii picha yenu ni uongo. Akasema kaka sio uongo, yatakuja. Nikaona ananipotezea muda. Pembeni alikuwepo mzee mmoja anayeshughulika na boti za pale, anashona wavu, akaniita. Nikamwamkia shikamoo mzee wangu, akaitikia akaniuliza, "Kijana, ulipopiga simu uliuliza maji?" Nikamwambia sikuuliza. Akasema, "Leo mwezi kumi na tano. Bamvua hilo. Saa hizi ndiyo yametoka mpaka mwisho, saa kumi yatakuwa hapo unaposimama."

Akanifundisha, na hiki ndicho nataka kila mtu wa Dar anayepanga wikiendi ya bichi akijue mana hakuna tangazo la hoteli nimeona linasema. Maji yanajaa mara mbili na kutoka mara mbili kwa siku, na kila siku muda unasogea mbele kama dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ndiyo bamvua, maji yanajaa sana na kutoka sana, tofauti ya juu na chini inapita mita 3. Na kwa pwani yetu hii bamvua linajaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na linatoka kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Ukiona mwezi nusu, yani ile tarehe 7, 8 au 22, 23 za mwezi mwandamo, hayo ni maji mafu, hayajai sana wala hayatoki sana, na yanajaa saa nne saa tano ya asubuhi. Kwa hiyo mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani ana kila kitu, na asiye nayo programu za kuonyesha maji kujaa na kupwa zipo kwenye simu bure.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Tulikuwa tushakata tamaa tukae kivulini mpaka jioni, mara wakapita kina mama wa kijijini watatu wanne wameshika vyuma na ndoo, wanaenda kule maji yalikotoka. Mke wangu akawasalimia akawaomba tufuatane nao. Wakasema njooni ila msije peku. Hapo ndo umuhimu wa yeboyebo, tulinunua duka la jirani jozi tano, mana kule kwenye mawe kuna vile vidude vyeusi vya miiba mirefu, ukikikanyaga kimoja safari imeishia hapo. Tukatembea karibu nusu saa ndani ya bahari kavu. Mama mmoja akasimama kwenye tundu la jiwe ambalo mimi sikuona lina tofauti yoyote na mengine, pembeni yake kuna rundo dogo la makombe yaliyovunjwa, akasema mwenye nyumba yupo, kashakula. Akaingiza chuma polepole, akakichezesha, kimya, halafu mkono mmoja wa pweza ukatoka ukashika kile chuma, rangi ya jiwe kabisa, ukawa mwekundu, ukawa mweupe, tunauangalia hivihivi. Akavuta akamtoa mzima. Mtoto wangu mkubwa ana miaka 8, mpaka leo akiulizwa shuleni umefanya nini likizo anaanza na pweza. Mama mkwe akamnunua palepale, elfu kumi, akasema huyu nampika mwenyewe, na kweli jikoni walimruhusu.

Haikupita muda maji yakaanza kurudi, na yanarudi kwa kasi, wale kina mama wakatuambia tuondoke sasa hivi wala tusisubiri kuona, na ni la kulishika mana ukichelewa unajikuta umezungukwa kwenye kisiwa cha mawe. Saa tisa na nusu watoto wanaogelea, saa kumi ngazi ya mwisho imezama, picha ya Instagram hii hapa mbele yangu na mtoto wangu kakaa kwenye ngazi ileile. Wakakaa majini mpaka magharibi. Halafu kwa sababu upande ule unaangalia mashariki, jua linazama mgongoni kwako na mwezi mpevu unatoka baharini, mkubwa, rangi ya embe bivu. Mama mkwe aliomba kiti akakaa peke yake mpaka saa tatu usiku.

Kwa hiyo lodji yenyewe naipaje? Mahali napapa alama zote. Chumba hapana. Maji ya bomba ni ya kisima yana chumvi, sabuni haitoi povu, na hilo Kigamboni ni la kawaida sehemu nyingi lakini basi wekeni ndoo moja ya maji yasiyo na chumvi bafuni watu wajisuuze. Chandarua kina tundu la ngumi, tulilifunga fundo. Chakula cha usiku tuliagiza saa kumi na mbili kikaja saa mbili na dakika ishirini, watoto washalala na njaa yao tukawaamsha. Kilivyokuja sasa, changu wa kupaka na wali wa nazi, sina neno, nazi imekunwa siku hiyohiyo unaisikia. Lakini mwenye lodji ajue mzazi mwenye watoto haangalii utamu saa mbili usiku. Ushauri wangu agiza chakula cha usiku saa tisa mchana na ulipie kabisa. Na hiyo picha waiandikie tu chini, saa kumi jioni, mwezi mpevu. Wangepata wateja wanaokuja wanajua wanachofuata, na yule dada wa mapokezi asingetukanwa kila Jumamosi ya bamvua.

Ukiendelea na barabara hiyo kusini kuna Gezaulole, halafu Kimbiji mbele, kumetulia zaidi na bei zinashuka kadiri lami unavyoiacha. Gezaulole ni Kizaramo, jaribu uone. Hatukulala huko, tulipita tu tukanywa madafu, tutarudi.

Jumamosi iliyofuata nikataka kuhakikisha maneno ya mzee. Mwezi nusu, maji mafu. Tukaenda upande wa pili wa mji, Kunduchi, tukavuka kwenda kisiwa cha Mbudya. Saa tatu na nusu tunapanda boti maji yanatufika magotini tu, wakati rafiki yangu aliyeenda siku ya bamvua saa hizohizo za asubuhi alitembea mbali sana kwenye tope kabeba mtoto na boksi la barafu kuifuata boti. Kuvuka ni robo saa hivi. Boti tuliyoipata laifu jaketi za wakubwa zilikuwepo, za watoto hakuna, nikakataa kupanda. Nahodha akasema bosi bahari shwari hii, nikamwambia kaka shwari ndiyo lakini mtoto wangu hajui kuogelea, akatuma kijana akaazima mbili boti ya jirani, dakika kumi tu. Msione aibu kukataa jamani. Zipo, ni wavivu tu kuzifuata.

Mbudya ni hifadhi ya bahari, pamoja na visiwa vya Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, tangu 1975, kwa hiyo kuna kiingilio na raia tunalipa kidogo kuliko wageni, beba kitambulisho. Huko unakodi kibanda cha makuti, mivinje nyuma yako inavuma, mchanga mweupe, maji unaona vidole vyako. Samaki wanakuja kukuonyesha mbichi kwenye beseni unachagua wanakaanga na chipsi, tuliagiza saa nne na nusu tukala saa sita, hiyo inakubalika. Beba maji ya kunywa ya kutosha mana kisiwani hakuna kisima na chupa ya kule bei yake ni nyingine. Beba na mfuko wa taka urudi nazo, hili nasema kwa uchungu, nyuma ya vibanda niliona chupa na vikombe vya plastiki vimekwama kwenye mizizi na watu wazima wanaendelea kutupa. Nilikodi miwani ya kuangalia chini, kuna matumbawe mazima yana samaki wa njano wanapita mbele ya uso wako na kuna sehemu matumbawe yamevunjika yamelala kama kifusi. Baruti hiyo. Bahari hii ya Dar ilipigwa baruti miaka mingi kwa ajili ya kuvua, na tumbawe likivunjika halirudi leo wala kesho. Mtu anayekwambia usisimame juu yake mtii.

Unaweza kulala Mbudya kwenye hema, sisi hatukulala kwa ajili ya mama mkwe na mgongo wake. Wanaolala wanakutana na yule kaa mkubwa anayepanda miti, anatembea usiku, mwache apite zake, usimshike wala usimpige na fimbo, wamebaki wachache.

Tulirudi nchi kavu saa tisa tukapitia magofu ya Kunduchi, na hapa ndo nilishangaa watu wa Dar tunavyokaa na vitu hatuvijui. Msikiti wa karne ya 15 au 16, ukuta umebaki, na makaburi yenye minara ya karne ya 18, katikati ya mibuyu. Kwenye minara kulikuwa na sahani za Kichina zimejengewa ndani, nyingi zimeng'olewa, yamebaki matundu ya duara. Mama mkwe aliingiza kiganja chake kwenye tundu moja akaupima ule upana, akasema hii ilikuwa sahani ya kulia wali, waliwaheshimu wafu wao. Tulikaa dakika arobaini hakuna mtu mwingine aliyeingia. Usiende peke yako wala na simu mkononi, mwombe mwenyeji wa pale kijijini awasindikize, mpe chochote. Kibao cha maelezo kingesaidia sana, tuliyoyajua ni ya kusimuliwa na yule kijana aliyetusindikiza.

Bongoyo nimeenda miaka ya nyuma kwa boti ya Slipway pale Msasani, na kwa mtu asiyetaka habari za mwezi kabisa namwambia aende huko, ufukwe wake mkuu unaogelea saa yoyote hata maji yakitoka. Coco Beach, ule ufukwe wa mjini pale Oysterbay, mimi naenda kula mihogo na mishikaki, kuogelea siwashauri wenye watoto, maji yakitoka ni majabali matupu na yakijaa yanapiga. Na mwezi wa sita mpaka wa nane kusi inavuma, visiwani boti zinarushwa rushwa, mwenye kichefuchefu asubiri mpaka wa kumi kama sisi.

Sasa hivi tunapanga ya Desemba, Kimbiji, usiku mbili. Juzi nilipiga simu lodji moja huko, kabla ya bei nikamuuliza dada aliyepokea, Jumamosi hiyo maji yanajaa saa ngapi? Akanyamaza kidogo, akasema subiri kaka nimuulize mzee wa boti. Nikamsikia anaita kwa sauti, nikasikia mzee anajibu kwa mbali. Akarudi, "Anasema saa tano kasoro yamejaa, maji mafu hayo, watoto wataoga mpaka mchana." Nikamtumia advansi hapohapo.