Kiatu cheusi, kiatu cha kahawia: uzoefu wangu na Le Grand Blond avec une chaussure noire

Filamu hii ya Kifaransa ya mwaka 1972, ya mwongozaji Yves Robert, niliitafuta kwa sababu ya muziki. Ile filimbi ya matete ya Gheorghe Zamfir, katika tuni ya Vladimir Cosma, niliisikia siku moja ikanikaa kichwani. Nikapata diski yenye tafsiri ya Kiingereza chini ya picha. Nimeshairudia mara tatu.

Kanali Toulouse, mkuu wa ujasusi, anajua kwamba naibu wake Milan anakitaka kiti chake, tena amemtegea vinasa sauti nyumbani. Basi naye anamtega: anasema kwa makusudi kuwa kuna mtu muhimu anatua Orly, uwanja wa ndege wa Paris, kisha anamtuma msaidizi wake akachague abiria yeyote. Msaidizi anawapima wanaopita, huyu hapana, yule hapana, mpaka macho yanatua miguuni pa jamaa mrefu mwenye nywele timtim: kiatu kimoja cheusi, kingine cha kahawia. Ni François Perrin, mpiga fidla aliyefanyiwa utani. Basi, ndiye huyo!

Kuanzia hapo kila anachofanya Perrin kinachambuliwa kama siri ya taifa, naye hana habari hata chembe. Pierre Richard, anayemwigiza Perrin, amenishika hapo. Anajikwaa, anababaika, anahangaika na shida zake za mapenzi, huku mashushushu wakiuana nyuma ya mgongo wake. Na rafiki yake Maurice, anayeigizwa na Jean Carmet, anaposikia sauti ya mkewe ikitoka kwenye gari la majasusi! Ule uso unauchekea na kuuonea huruma papo hapo.

Halafu lile gauni jeusi la mbunifu wa mavazi Guy Laroche. Mwigizaji Mireille Darc anafungua mlango, mbele amejisitiri hadi shingoni. Anageuka: mgongo mzima wazi, hadi chini ya kiuno. Perrin anabaki ameduwaa.

Mwanzo unakwenda polepole, vumilieni. Watoto wadogo wasiwepo, kuna mauaji na mambo ya kitandani. Ile ya Kimarekani ya 1985, iliyotengenezwa upya akiigiza Tom Hanks, haikunigusa hivi.

Ya pili, ya 1974, ninayo tayari. Namsubiri dada yangu Jumamosi tuitazame pamoja, maana gauni lilipogeuka yeye alicheka mpaka akamwaga chai.